Naomba ushauri: nampeleka bimkubwa Lamu kutokea Pemba

Asalam aleikum wenzangu. Mie nipo Wete, Desemba inshaallah nataka nimpeleke bimkubwa Lamu kama siku tano, keshanichosha tangu asikie kuna mji wa mawe kama wetu wa Unguja ila vichochoroni ni punda tu. UNESCO wameuingiza urithi wa dunia 2001, mwaka mmoja nyuma ya Mji Mkongwe, ye hayo hana habari nayo anataka punda.

Nilivyopanga ni meli mpaka Tanga, tuvuke Horohoro, tulale Mombasa tuione Fort Jesus ile ngome Mreno alianza kuijenga 1593 Waomani wakamtoa 1698, halafu basi mpaka Mokowe na boti ya kuvukia. Sasa shida magoti yake, hiyo Mombasa-Mokowe ni masaa mengi na nasikia kuna vipande magari husindikizwa na askari, je anaweza kweli mtu wa miaka 68? Kaka anasema tupande ndege tushukie Manda, maneno rahisi halipi yeye.

Alokwenda karibuni aniambie, basi la asubuhi au la usiku? Na kulala, mjini au Shela, maana nyumba za kizamani ngazi zake mnazijua. Pesa nibadilishe wapi pia, mara ya mwisho mpakani kijana mmoja alinihesabia haraka haraka nikaja kugundua kwenye daladala noti mbili hazimo.