Ziara ya mafunzo kwa wanafunzi wa biashara: Nairobi, Dubai au Guangzhou?

Karani_wa_Kivukoni:
Wakuu salaam. Tuko 22, mwaka wa tatu biashara hapa Dar, na zigo la kuratibu ziara nimetupiwa mimi. Tunataka kuingia kazini kwa watu tuone shughuli inavyokwenda, maghorofa tutayaona kwenye picha. Kura zimegawanyika: Nairobi kwa basi, Dubai, na lipo kundi linalolilia Guangzhou kwa kuwa wajomba zao wa Kariakoo ndiko wanakofuata mzigo. Kila mmoja anaweza kufikisha laki saba, tena kwa kudunduliza bumu. Waliokwenda watupe mwanga.

Mzigo_Kontena:
Laki saba Guangzhou? Labda uende na kurudi kwa ndoto. Haya, bei tuiweke kando. Maonyesho ya Canton, yale ya biashara ya hapo hapo Guangzhou, yapo tangu 1957, mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba. Mtakuta vibanda, sampuli na kadi za biashara. Kiwanda chenyewe kiko kwingine, na mwenyewe anafungua geti akinusa oda. Mwanafunzi mwenye daftari ana oda gani?

Dada_Hesabu:
Dubai nilikwenda na wenzangu kupitia wakala mmoja wa hapa mjini. Ratiba iliandikwa "kutembelea Jebel Ali". Nilikuwa nimejisomea: bandari ya 1979, eneo huru la 1985. Hamu yangu ilikuwa kuona kampuni inavyopokea bidhaa, inazifungasha upya na kuzituma nchi nyingine bila kulipa ushuru wa pale. Nilichoona ni kreni, kupitia dirisha la basi. Wakala hakuwa ameomba kibali popote, yule ni mtu wa safari za manunuzi. Siku zilizobaki tukazungushwa madukani.

Halafu tulitua Alhamisi usiku! Tangu 2022 ofisi za serikali kule Ijumaa ni nusu siku, Jumamosi na Jumapili wanapumzika. Piga hesabu tulibaki na nini. Karani, barua ya mwaliko isiyo na jina la mwenyeji na saa ya kupokelewa usiilipie hata senti.

Mwl_Fildi:
Nimepeleka wanafunzi Nairobi mara nne. Viza hakuna, paspoti na kadi ya njano (ya chanjo ya homa ya manjano) vinatosha, na kwa basi mnavuka Namanga. Ila msikae mjini. Mjini mtakalishwa kwenye chumba cha mikutano, mtaonyeshwa slaidi, mtapewa soda, kwaheri.

Nendeni Naivasha kwenye maua, kama kilomita 90 hivi. Banda la kupangia waridi, kina mama wamesimama, kila mmoja mbele yake ubao wenye alama za sentimita. Shina linalazwa, jicho moja, limeshakwenda fungu la 40, la 50 au la 60. Ukipepesa macho hujaona kitu. Kisha chumba cha baridi. Kijana wangu mmoja, meno yanagongana, akauliza kwa nini wasipunguze bili ya umeme. Supavaiza hakujibu. Akatoka, akarudi na ua lililosahaulika nje tangu asubuhi, limeshachanua lote. Akamuuliza: hili litafika Ulaya likiwa nani? Sijawahi kufundisha gharama za ubora vizuri kama yule mama.

Msiombe kwenda wiki za kabla ya Februari 14, hakuna atakayewapokea. Na viatu! Kwenye kiwanda kimoja cha chakula huko Thika wawili waliachwa getini na ndala zao, na binti mwenye kucha za bandia akawafuata. Siku moja sehemu mbili, zaidi ya hapo mtakuwa mnatembelea foleni.

Baharia_wa_Tanga:
Mbona hamuitaji Mombasa? Kutoka Dar mnapita Tanga, mnavuka Horohoro, nauli nafuu. Pale inauzwa kwa mnada chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, na yetu pia. Mnada wenyewe siku hizi ni wa mtandaoni, hakuna nyundo ya kutazama. Ombeni chumba cha waonjaji. Vikombe vimepangwa mstari mrefu, muonjaji anavuta kijiko kwa kishindo kama mtoto asiye na adabu, anatema kwenye ndoo, anataja neno moja, karani anaandika. Bei ya kazi ya mkulima imeanzia hapo. Na kwa kuwa Dar nasi tulianza mnada wetu 2023, mnaporudi mna cha kulinganisha.

Mzigo_Kontena:
Hii ya ndoo nimeipenda.

Karani_wa_Kivukoni:
Shikamoo Mwalimu. Dubai nimeifuta, kundi la Guangzhou nimewatumia huu uzi wajisomee wenyewe. Nimebaki na Naivasha na Mombasa, na kwa laki saba siwezi zote. Naandika barua kote kuwili kesho, atakayetaja tarehe na saa kwanza ndiye twende naye. Baharia, 22 wataingia kwenye hicho chumba?

Baharia_wa_Tanga:
Kwa mafungu, kumi na mmoja mmoja. Na asubuhi hiyo asijipulize mtu manukato, mtatimuliwa kabla hamjaona kikombe.