Uchovu hauishi, HB (kipimo cha wingi wa damu) iko sawa, ninywe vitamini gani?

Mama K, Moshi: Wadau mwaka wa pili huu sina nguvu kabisa, nikizunguka tu soko la Mbuyuni kesho yake siinuki kitandani, na HB wanasema iko poa. Kuna mtu ananiuzia vidonge vya laki na nusu, nichukue?

Ngarenaro boy: Pole dada. HB kuwa sawa haimaanishi madini chuma yapo, omba vipimo vya feritini (akiba ya chuma mwilini), vitamini B12 na TSH (ya thairoidi, tezi ya shingoni). Kama unameza biotini, ile vitamini ya nywele, mwambie daktari mapema, inavuruga vipimo vya thairoidi.

Babu wa Sakina: Laki na nusu!! Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuponya ugonjwa wa uchovu sugu (ME/CFS), kama ndo huo ulio nao, wala kipimo kimoja cha kuionyesha. Ila huko kuzima kesho yake ndo dalili yake yenyewe, usijilazimishe mazoezi.

Mama K: Na chai je, nikipewa chuma?

Ngarenaro boy: Usichanganye, inazuia chuma kufyonzwa.