Njia ya baiskeli imenivunjia ringi, halafu bado mnanifokea nipite humo humo

Wakuu, naandika goti limevimba na ringi ya mbele imepinda mpaka inagusa uma wa mbele pande zote mbili, kwa hiyo mtanivumilia kwa ukali. Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa bodaboda. Hili ni jambo jingine: sisi wa baiskeli kufokewa na kila mtu kwamba tutoke barabarani tupite njia ya baiskeli.

Wikiendi iliyopita tulikuwa watu saba kwenye ule mzunguko wetu wa siku zote: Mwenge, Bagamoyo, Msata, Chalinze, halafu kurudi Dar kwa Barabara ya Morogoro. Siku mbili, karibu kilomita 280. Baiskeli zote za resi, tairi nyembamba za upana wa milimita 25, upepo psi 100. Hili la tairi nalitaja mapema kwa sababu ndiyo kesi yenyewe. Nusu ya wanaonifokea hawajawahi kukalia baiskeli ya aina hii. Wanadhani ni ile Phoenix ya mjomba inayobeba magunia mawili ya mkaa na kuruka mashimo bila kulalamika.

Asubuhi ya siku ya pili, tukiwa Chalinze tunakunywa chai, kiongozi wa msafara (simtaji, ni mtu mzima na namheshimu) akatoa amri. Tukifika Kimara, tukiingia mjini, kila mtu aingie njia ya baiskeli, asibaki mtu barabarani. Njia ipo, ilijengwa pamoja na barabara ya mabasi ya mwendokasi, tuitumie tuonekane watu wenye adabu. Nikamwuliza, mzee, wewe umeipita lini mara ya mwisho? Akasema anaiona kila siku akiwa ndani ya basi.

Haya.

Kutoka Chalinze mpaka Mlandizi ndicho kipande ambacho mama yangu anakiombea dua. Malori ya Zambia na Kongo, magari ya IT (yale yanayopelekwa nchi jirani) yanayokimbilia mpakani Tunduma, mabasi ya bara, na msimu huu kusi inakupiga usoni njia nzima. Sitaki kuwadanganya kwamba pale ni salama. Basi linalokuja mbele likiamua kulipita lori linahamia upande wako na kukuwashia taa, na zile taa hazikusalimii, zinakuambia toka. Unatoka. Unashuka kwenye bega la barabara, unasali, unarudi. Semi nayo ikikupita, upepo wake unakusukuma kwanza kisha unakuvuta, na mgeni akishtuka hapo anaweza kuvutiwa chini ya matairi ya nyuma. Hayo yote nayajua na nayaogopa.

Lakini ile hatari naiona inakuja. Nina kioo kidogo kwenye usukani, nina masikio, najua basi linakuja kutoka wapi. Na lami pale ni safi. Watu wengi hawajui kwamba pale yanapopita matairi ya magari panafagiliwa saa zote, uchafu wote unasukumwa pembeni: kokoto, vioo vya chupa, mbigiri, na kile kiboko chenyewe, nyuzi za chuma zinazotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka. Uzi mwembamba kama unywele. Huuoni kabisa, unaingia kwenye tairi taratibu na baada ya kilomita tano umekaa chini unatafuta tundu kwa mate. Kwa hiyo mwendesha baiskeli anayepita hatua moja ndani ya mstari wa pembeni hajidai wala hachokozi mtu. Anakwepa pancha. Mwenzetu mmoja aling'ang'ania kupita begani tu, na karibu na mzani wa Vigwaza akaokota uzi wake. Kule malori yamepanga foleni, mafuta yamemwagika, bega lenyewe limegeuka gereji.

Kibaha mpaka Kimara sina neno. Njia nane, pana, tuliteremka vizuri.

Tukafika Kimara. Kiongozi akanyoosha mkono, tukaingia kwenye njia yetu tukufu.

Mita mia za kwanza, jiko la mama lishe. Mbele yake boda sita zimepaki kwa mshazari, mwenye boda ananiuliza "bosi tunaenda?" nikiwa juu ya baiskeli. Ninaenda wapi sasa? Halafu viatu vya mtumba vimetandazwa kwenye turubai, halafu nguzo ya umeme, halafu guta la maji linakuja upande huo huo likitutazama kama sisi ndio tumekosea. Kila penye mlango wa kituo cha mafuta au barabara ya mtaa, njia inakatika kwa ukingo wa zege. Unashuka tuu, unapanda tuu. Kwa tairi nene hilo ni kero tu. Kwa tairi ya milimita 25 ringi inaibana tubu dhidi ya zege na kuitoboa matundu mawili pacha, kama umeng'atwa na nyoka. Pancha ya kwanza ilikuwa hiyo. Ya pili hiyo hiyo, mtu mwingine. Ya tatu kioo.

Ya kwangu haikuwa pancha. Kuna mahali njia inapita juu ya mtaro uliofunikwa kwa slabu za zege, na kati ya slabu mbili pana mwanya unaofuata mwelekeo wa njia. Tairi ya pikipiki haiingii pale. Ya kwangu iliingia kama ufunguo kwenye kitasa. Nilikuwa naenda polepole sana, labda kilomita kumi na mbili kwa saa, kwa sababu mbele yangu alikuwa mtoto na ndoo. Gurudumu likasimama, mimi nikaendelea.

Mama mmoja muuza mihogo ndiye aliyeninyanyua. Akanimwagia maji kwenye goti, akasema, "Pole baba, lakini kwa nini hukupita barabarani wenzio wanakopita?"

Wenzangu gani? Nikainua kichwa. Kweli, barabarani alikuwa anapita muuza mkate na boksi lake nyuma, na nyuma yake watu wawili na magunia ya mkaa. Watu wanaoishi kwa baiskeli, wanaopita Barabara ya Morogoro kila siku ya Mungu, hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye ile njia. Hao hawana tairi za resi wala nguo za kubana. Wana mizigo na haraka, na wameshajua. Anayetaka utafiti kuhusu njia za baiskeli mjini akae pale saa moja tu awahesabu.

Sasa hapa ndipo damu ilipochemka. Naiburuta baiskeli yangu pembeni ya barabara, gurudumu la mbele nimelibeba mkononi, goti linavuja, konda wa daladala ananichungulia mlangoni: "We! Pita njia yenu!" Askari aliyekuwa pale naye akaongezea kwa upole kabisa kwamba serikali imetujengea, tujifunze kutumia. Afande, nimetoka humo! Ringi hii hapa!

Tuliporudi tukahesabu. Barabara kuu, kilomita zaidi ya 250, malori na kusi na yote: pancha mbili. Njia ya baiskeli, kutoka Kimara mpaka hapo nilipoanguka: pancha tatu, ringi moja, goti moja.

Najua mtakachosema. Mtasema machinga waondolewe. Mimi sina ugomvi na mama wa mihogo wala na wa viatu. Ile njia imepita mbele ya milango ya watu, na penye watu patakuwa na biashara. Aliyeichora alidhani mwenye baiskeli ni mtembea kwa miguu aliyekaa, kwa hiyo akamweka pamoja na watembea kwa miguu. Hata bila machinga hata mmoja, ule mwanya wa slabu ungekuwepo.

Wengine mtasema Ulaya kila mtu anapita njia ya baiskeli. Binamu yangu yuko Ujerumani, tumebishana naye sana juu ya hili. Kule tangu 1998 hulazimishwi kupita njia ya baiskeli mpaka iwe na kile kibao cha buluu cha mviringo. Pasipo kibao, barabara ni yako kama ya mwenye gari. Hao ndio mnaotuletea kama mfano.

Wala sisemi njia ya baiskeli ni haramu. Jioni nikiwa na binti yangu na ile baiskeli yangu nzito ya tairi nene, natafuta njia ya pembeni, tunaenda mwendo wa kobe, tunanunua mahindi. Lakini kwenye safari ya kilomita 140 kwa siku, na kundi, na mwendo wa 28 mpaka 30, naamua kipande kwa kipande. Bagamoyo kwenda Msata nabaki kwenye lami na kusimama Kiwangwa kwa mananasi. Vigwaza naingia ndani zaidi, sibembelezi bega. Mjini nataka nifike kabla ya saa moja asubuhi au nisifike kabisa, nipakie baiskeli kwenye gari Kibaha. Na amri ya jumla kutoka kwa mtu aliyeiona njia kupitia dirisha la basi siipokei tena. Mzee, najua unausoma uzi huu. Tutaongea Alhamisi.

Enyi madereva mtakaokuja kunitukana, karibuni, ila mtukane mkiwa mmeniachia mita moja na nusu.

Mwisho, shida ya kweli. Natafuta ringi ya resi ya 700C, matundu 32 ya spoku, hata iliyotumika. Kariakoo nimezunguka siku mbili. Kila fundi ananipa ya inchi 28 ya baiskeli ya kawaida, ananiapia ni ile ile. Si ile ile! Ya 700C tairi inakaa kwenye kipenyo cha milimita 622, hiyo yao 635, na hizo 13 ndizo zitakazonirudisha kwa mama wa mihogo. Mwenye nayo aje PM na picha ya maandishi yaliyo ubavuni mwa ringi.