Ng'ombe ameacha kucheua baada ya kubadilishiwa lishe

Mfugaji, Njoro: Hamjambo, wafugaji wenzangu. Ng'ombe wangu alizoea matete na mabua, lakini baada ya kupewa mahindi mengi yaliyosagwa kwa ghafla, amekataa chakula, hacheui, na kinyesi chake ni chepesi chenye harufu kali. Je, ni minyoo?

Daktari wa mifugo, Kisumu: Pole sana, ndugu. Nashuku asidi iliyozidi tumboni kuliko minyoo. Katika tumbo la kwanza mna bakteria, protozoa na kuvu wanaovunjavunja nyuzi za majani ambazo ng'ombe mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Wanga ukiingia kwa wingi, bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki huongezeka upesi, na pH (kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi) ikifika chini ya 5.5, wale wanaomeng'enya nyuzi hudhoofika. Ondoa mahindi, mpe nyasi kavu ndefu, na umwite daktari leo hii, kwa maana hali hii huua.

Mfugaji, Molo: Naafiki. Akipona, mwongezee nafaka kidogo kidogo kwa wiki 2 au 3 ili vijidudu hivyo vizoee. Nyasi ndefu humfanya acheue, na mate yake yana bikaboneti inayopunguza asidi. Ndiyo maana mimi hukataa majani yaliyokatwakatwa yakawa kama unga.

Mfugaji, Njoro: Asanteni. Mahindi nimeyaondoa, na daktari yuko njiani.