Naomba ushauri: picha ya mpangaji wangu inazungushwa pamoja na tahadhari ya ugaidi, niripoti au ninyamaze?

Mwenye Nyumba Kisauni

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Nina vyumba vinane hapa Kisauni, urithi wa marehemu babangu. Miaka yote hii ugomvi wangu na wapangaji umekuwa wa kodi na maji tu. Tangu Ijumaa sipati usingizi.

Siku hiyo ilizungushwa tahadhari kwenye grupu la WhatsApp la mtaa: kuna vijana wameingia Mombasa, tuwe macho kwenye feri, misikitini na madukani. Haina jina la aliyeitoa. Haikupita saa, jirani mmoja akaweka picha ya mpangaji wangu wa chumba cha tano na kuuliza, "Huyu mnamjua?" Kufikia isha picha ilikuwa imeshafika Likoni.

Kijana ana miaka 23, fundi wa simu. Kodi halazi. Chumbani ana nyaya, betri kuukuu na vifaa vyake vya kazi, na hizo nyaya ndizo watu wanazozishikilia. Nililoliona mimi kwa macho yangu ni moja tu: mara mbili mwezi huu wamekuja watu wawili usiku, wakaondoka kabla ya alfajiri. Nilipomuuliza alijibu kwa mkato, "Wateja."

Sasa sikilizeni kwa nini nimeshindwa kuamua. Mwaka 2014 kakangu mkubwa alichukuliwa na askari kanzu nje ya duka lake. Siku 19 hatukujua yuko wapi. Kila kituo tulichokwenda tuliambiwa hapana mtu wa jina hilo. Akarudi mwenyewe usiku, hakushtakiwa kwa lolote, na mpaka leo mlango ukigongwa kwa nguvu hukatiza mazungumzo na kunyamaza kimya. Nikipiga simu, nayajua yanayoweza kumpata mtoto wa watu. Nikinyamaza, na feri ikaja ikalipuliwa, nitawaambia nini wenye maiti?

Mama Kev

Pole baba. Mimi sitazunguka: ripoti, tena leo.

Mpwa wangu alikuwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Garissa, kile kilichoshambuliwa na al-Shabaab. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148, naye akiwemo. Siku chache kabla, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewaonya wanafunzi wake kuwa kuna habari za shambulio kwenye chuo kikuu. Uingereza na Australia nazo zilikuwa zimewaonya raia wao. Tarehe 1 Aprili rais akayalaumu hadharani maonyo hayo ya nchi za nje. Kesho yake alfajiri wauaji wakaingia bwenini Garissa. Kikosi maalumu kutoka Nairobi kilikuja kufika mchana.

Na kuna hili ambalo huniamsha usiku. Mmoja wa wale wauaji alikuwa amehitimu sheria, mtoto wa chifu wa Mandera, na babake alikuwa ameshawaarifu wakuu kwamba kijana ametoweka. Mzazi alimripoti damu yake. Wewe ni mwenye nyumba tu.

Zubeda wa Mji wa Kale

Mama Kev, Mungu ampumzishe mpwa wako. Lakini hebu tazama yule chifu alisema nini. Alisema jambo alilolijua: mwanangu hayupo nyumbani. Hakuokota picha kwenye simu. Habari ya kweli ilitolewa na bado watoto hawakuokolewa. Sasa polisi wakimwagiwa picha za kila fundi mwenye nyaya, habari ya kweli wataionaje?

Sisi wa Pwani tumeyaona. Februari 2014 msikiti wa Masjid Musa hapa Mombasa ulivamiwa na polisi, wakakamatwa watu zaidi ya mia kwa siku moja, wengine watoto. Aprili mwaka huohuo ukaja msako wa Eastleigh, Nairobi, maelfu wakakamatwa na wengi wakafungiwa uwanja wa Kasarani. Je, Mpeketoni kule Lamu haikushambuliwa Juni, miezi miwili tu baadaye?

Wakili wa Pwani

Ndugu mwenye nyumba, tenganisha vitu viwili ambavyo grupu lenu limevichanganya: tahadhari na habari. Tahadhari inakwambia uwe macho. Hata ile ya kweli haimfanyi mtu yeyote kuwa mshukiwa. Habari ni kile ulichokiona wewe, siku gani, saa ngapi. Kwako habari ni wale wageni wawili. Nyaya za fundi wa simu si habari.

Kuhusu kijana, akikamatwa: Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 hakibagui kosa. Aambiwe mara moja, kwa lugha anayoielewa, kwa nini anakamatwa. Ana haki ya kunyamaza. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika. Afikishwe kortini kabla ya saa 24 kwisha, na zikiisha nje ya muda wa korti au siku isiyo ya korti, basi siku ya korti inayofuata. Ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa jioni mara nyingi hulala ndani hadi Jumatatu.

Wengi hudhani ukitajwa ugaidi haki hizi huzimwa. Hapana. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 inawapa polisi nafasi ya kuomba muda zaidi wa uchunguzi, lakini wanaomba kwa hakimu, mshukiwa akiwepo kortini: hadi siku 30, na zikiongezwa jumla isipite 90. Wasichoruhusiwa ni kumficha. Familia ikiambiwa kila kituo "hayupo", nendeni Mahakama Kuu na ombi la habeas corpus, yaani serikali iamriwe kumleta mtu mbele ya jaji. Kifungu cha 25 kinasema haki hiyo haiwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote. Nasikitika kwamba 2014 hakuna aliyewaambia hili.

Askari Mstaafu

Nimefanya kazi miaka 28, nisikilize. Usiingie chumba chake kupekua. Ukigusa kitu umeharibu, awe na hatia au asiwe nayo. Usiwatume vijana wa mtaa wamshike.

Nenda kituoni mwenyewe, au na mzee wa mtaa. Eleza tarehe, saa, sura za wale wawili, gari kama lilikuwepo. Usiseme "ni gaidi", kwa sababu hulijui hilo, na neno likishaandikwa halifutiki kirahisi. Sema ulichokiona, kisha uombe nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Nambari hiyo inakulinda wewe na inamlinda yeye, maana mtu ambaye jina lake limo kitabuni kituo hakiwezi kusema hakimjui. Ukiona hatari ya papo hapo, hapo hakuna cha OB: piga 999 au 112.

Mtu wa Tanga

Wakuu, huku kwetu Tanzania ukishitakiwa kwa ugaidi hakuna dhamana. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande miaka na miaka, wakaachiwa Juni 2021 mashitaka yalipoondolewa. Hawakuhukumiwa, na miaka yao haikurudi. Ninyi Katiba yenu inamruhusu mtuhumiwa kuomba dhamana hata kwa kosa hili, labda kuwe na sababu nzito za kumnyima. Hicho si kitu kidogo. Kitumieni.

Mama Kev

Nimesoma yote. Kila mtu hapa anataja haki za mshukiwa. Haki ya mpwa wangu kuamka asubuhi ile iliandikwa kifungu gani?

Wakili wa Pwani

Cha 26, mama. Haki ya kuishi. Wala sikupingi.

Ila waliomsaidia muuaji wa mpwa wako walifungwa kwa njia hiihii ninayoisema. Mwaka 2019 korti iliwatia hatiani watu watatu kwa shambulio la Garissa: mmoja maisha, wawili miaka 41 kila mmoja. Mshukiwa wa nne aliachiwa kwa kukosa ushahidi. Hukumu kama hiyo ina uzito kwa sababu waliohukumiwa walisikizwa. Oktoba 2020 kwenye kesi ya shambulio la duka la Westgate, Nairobi, wawili walitiwa hatiani na mmoja akaachiwa huru. Siku iliyofuata yule aliyeachiwa alitekwa Nairobi na watu wenye silaha. Korti ilimsikiza, ikasema hana kosa, na kuna waliojipa kazi ya kuamua vingine. Uchungu wa Garissa usitumiwe kulihalalisha hilo.

Zubeda wa Mji wa Kale

Na picha? Mbona hakuna anayeitaja picha? Hata polisi wakimsafisha, mtaa umeshamhukumu. Mtu aliyepiga kelele za mwizi sokoni hushtuka akiona tairi la kumchomea mtu limeshaletwa. Mwenye nyumba, mwombe msimamizi wa grupu aifute, na aliyeituma aseme hadharani kwamba hana ushahidi.

Mwenye Nyumba Kisauni

Shukran nyote, Mama Kev zaidi, maana hukunificha.

Jana baada ya isha niligonga chumba cha tano. Nilimkuta amekaa gizani. Picha ameshaiona, siku mbili hajafungua kibanda chake. Nilimwambia waziwazi: kesho nakwenda kituoni kuwataja wale wageni wako, na nimekuja kukwambia kabla sijakwenda. Wallahi nilitarajia anitukane. Alilia. Anasema wale wawili humletea simu usiku, na yeye ameogopa kuuliza zinatoka wapi. Ikiwa ni simu za wizi, hilo nalo ni kosa na atalijibu. Ikiwa ni zaidi ya hapo, mimi sijui, na si kazi yangu kuchunguza.

Ameamua kwenda mwenyewe. Babake anakuja na basi la usiku kutoka Malindi. Wakili, nimekuandikia ujumbe wa faragha. Picha imefutwa kwenye grupu letu. Kwingine iliko siwezi kuifuata.

Askari Mstaafu

Umefanya la kiume, ingawa kumwambia kabla ya kuripoti mimi nisingekushauri. Kama angekuwa mbaya, angetoroka usiku uleule.

Mama Kev

Hilo la Askari naliunga mkono. Wale wawili watajwe hata kijana akibadili nia njiani.

Wakili wa Pwani

Nimeupata ujumbe. Tukutane nje ya lango la kituo saa mbili asubuhi, tusiingie kwa mafungu. Abebe kitambulisho na, kama ana dawa anazotumia, azibebe. Asitie saini karatasi ambayo hajaisoma. Kuna mwenzangu Nairobi nitakayemweka tayari, kwa sababu kesi nyingi za ugaidi siku hizi husikizwa korti ya Kahawa karibu na Kamiti, na mtu akihamishwa kutoka huku ghafla familia hubaki kumtafuta Mombasa. Babake aandike majina ya maafisa watakaomhoji na saa aliyoingia mwanawe.

Mwenye Nyumba Kisauni

Basi la babake limeshafika. Kakangu naye amesema anakuja. Sikumwomba. Amevaa viatu, amekaa barazani anatungoja.