Aranya ya Doshi: huu ni usanifu au ni kupima viwanja tu?

Penseli_HB:
Wadau, habari. Nasoma usanifu majengo, nimepewa kuwasilisha Aranya, mtaa alioupanga Balkrishna Doshi kule Indore, India. Ulikamilika 1989, ukapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo 1995, na mwenyewe akapewa Pritzker, tuzo kubwa kabisa ya wasanifu, 2018. Sasa natazama michoro: familia maskini ilikabidhiwa kiwanja cha mita za mraba 35, msingi, choo na maji. Wengine chumba kimoja juu yake. Basi! Mbona naona kama msanifu kakimbia kazi?

Timazi:
Hajakimbia. Mimi ni fundi sanifu wa maji taka, kwa hiyo kuta za watu hazinishughulishi sana. Mji ukikua kwa kasi watu hawasubiri ramani ya mtu, wanajenga. Miaka ikipita ndipo tunaitwa sisi kupitisha bomba katikati ya majiko yao. Kila kona inataka chemba, yaani shimo la kukagulia bomba, mteremko haupatikani, na jirani mmoja akigoma mtaa mzima umekwama. Doshi alianzia huko kwenye bomba. Choo kina mahali pake tangu siku ya kwanza, na nyumba 20 zinachangia tangi moja la maji taka. Ukuta familia itapandisha yenyewe kadiri mfuko unavyoruhusu. Mteremko wa bomba hakuna familia inayoweza kuupanga peke yake.

Halafu angalia mbele ya nyumba. Kabla ya kuchora, timu yake ilikwenda kwenye mitaa ya mabanda ya Indore ikaangalia watu wanakaa wapi, wanafanyia kazi wapi, ngazi zimeshukia wapi. Ndiyo maana pana ukanda mwembamba kati ya nyumba na njia, wa kuweka baraza na ngazi. Huyu ni mtu aliyefanya kazi na msanifu mashuhuri Le Corbusier kule Paris, bado akaona ana la kujifunza kwa wajenzi wa mabanda.

Kona_Mbili:
Sawa mkuu, ila mwambie na upande wa pili. Wapo waliopewa viwanja wakauza, wakaingia wenye uwezo zaidi. Kiwanja chenye maji na choo kina soko.

Timazi:
Kweli, na asilifiche hilo. Lakini Doshi aliwachanganya kwa makusudi: viwanja vikubwa viliuzwa kwa wenye nacho, faida ikapunguza bei ya vile vidogo. Kuzuia watu wasiuze ni kazi ya sheria ya ardhi, penseli haiwezi.

Penseli_HB:
Asante sana. Basi nianze na picha za nyumba zilivyo leo?

Timazi:
Hapana, hizo mwisho. Anza na mchoro wa mabomba, na usiuchapishe mdogo. Kwenye skeli ya 1:500 hakuna atakayeona chemba.