Tupeane uzoefu: Umewahi kuisoma 1 Wakorintho 6:9 mbele ya mtu inayemgusa?

Mwinjilisti wa Mtaa (mwanzisha uzi)
Wakuu, shalom. Uzi kama huu hugeuka uwanja wa matusi haraka, kwa hiyo naomba kila mtu aeleze lililomkuta yeye. Mahubiri tunayo ya kutosha.

Naanza mimi. Ni mwinjilisti wa KKKT, huu mwaka wa 11. Mstari ule nimeusoma kanisani mara nyingi: "wala wafiraji, wala walawiti". Mnaotumia Union Version mnajua kinachotokea hapo. Kina bibi wa mbele wanainamisha vichwa, vijana wanafinyana, maana nje ya kanisa hayo ni matusi ya kijiweni.

Mwaka jana mpwa wangu alikuja likizo. Tuko uani tunamenya ndizi, akasema bila kuniangalia: "Mjomba, ukifika kwenye ile orodha ya Paulo, huwa unanifikiria mimi?" Nikacheka. Alipoinua uso nikajua hatanii. Nikaenda kunawa. Utomvu wa ndizi hautoki kwa maji na sabuni, kila aliyekulia migombani anajua, lakini nilisugua dakika kumi nzima ili nisijibu.

Teolojia Njaa
Pole mkuu. Mimi nimesoma teolojia, na neno lililotutoa jasho darasani ni hilohilo la pili, "walawiti", kwa Kiyunani arsenokoitai. Ni "mwanaume" na "kitanda" vimegandishwa pamoja. Wengi wanaona Paulo aliliunga kutoka Walawi 20:13 ya Kiyunani, inayokataza mwanaume kulala na mwanaume, ambako maneno hayo mawili yamekaa jirani. Wanaoshika mapokeo wanasema: unaona, katazo la Walawi limehamia Agano Jipya zimazima. Wengine wanasema Paulo alikuwa anawaona mabwana wa Korintho na vijana wao watumwa, na kwamba lile neno la kwanza, malakoi, maana yake ni "laini" tu, ambalo hata mtu mlegevu wa tabia aliitwa hivyo.

Mimi nimebaki na mapokeo. Ila Sodoma nimeacha kuitumia. Wanaume wa Mwanzo 19 walikuja kubaka wageni, na Ezekieli 16:49 inautaja uovu wa mji ule kwa jina: kiburi, shibe, na kutomjali maskini. Nilipohubiri hivyo mara ya kwanza, mzee wa kanisa aliyekopesha nusu ya usharika kwa riba hakunipa mkono mlangoni.

Neno Halibadiliki
Na Yuda mstari wa 7 umeuruka, mtumishi?

Teolojia Njaa
Sijauruka. Unataja uasherati na "mwili wa namna nyingine", na wageni wale walikuwa malaika. Hapo napo wanabishana.

Nyota ya Kangemi
Mimi ni ACK, Anglikana wa Kenya, Nairobi. GAFCON, mkutano wa Waanglikana wanaoshika mapokeo, ilipokuja kanisa kuu la All Saints 2013 nilikuwa kati ya waliopokea wageni. Watu walikuwa bado wanamtaja Gene Robinson, shoga aliyeishi wazi na mwenzake, aliyewekwa wakfu kuwa askofu huko New Hampshire, Marekani, 2003, na azimio la Lambeth, mkutano wa maaskofu wa Anglikana duniani, la 1998 lililosema mapenzi ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Nilikubaliana nalo na bado nakubaliana. Lakini nilikuwa nakaa na binamu yangu chumba kimoja, na yeye ndiye alikuwa akipika jioni. Siku ya pili akanipakulia sukuma, akauliza: "Leo mmeniamulia nini?" Nikamwambia anipitishie chumvi.

Katekista Mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Kwetu Wakatoliki moto uliwaka Desemba 2023, ilipotoka Fiducia Supplicans, tamko la Vatikani lililoruhusu mapadre kuwabariki wapenzi wa jinsia moja nje ya ibada rasmi. Kundi la WhatsApp la jumuiya ndogondogo halikulala. Januari 2024 Kardinali Ambongo wa Kinshasa akatoa tamko kwa niaba ya maaskofu wa Afrika kwamba huku hatutabariki wapenzi wa jinsia moja, watu wakatulia.

Mimi katika siku zile za moto nilisimama kwenye jumuiya na Katekisimu, nikasoma namba 2357, kwamba matendo hayo hayawezi kukubaliwa kamwe. Nikafunga kitabu. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, hajawahi kunipinga tangu nimfundishe kipaimara, akasema: "Mwalimu, soma na inayofuata." Nikasoma 2358: wapokewe kwa heshima na huruma, wasibaguliwe isivyo haki. Yule mama ana watoto wanne wa kiume. Sikumuuliza kitu.

Aliyefungua Kinywa
Nilikuwa timu ya maombezi kanisa fulani la kiroho. Tuliletewa kijana, wazazi wakiwa wanalia. Mfungo mkavu siku tatu, tunakemea kwa zamu. Ya tatu akaanguka, tukapiga vigelegele, pepo katoka. Nilipomshika mkono ulikuwa wa baridi na midomo imepasuka. Ilikuwa njaa na kiu. Nilimpa uji wa ulezi kwa kijiko nyuma ya kanisa, kwa siri kama mwizi. Msimamo wangu kuhusu Warumi 1, inayokemea jambo hili, sijaubadilisha. Timu nimeiacha.

Sauti ya Tatu
Nimefungua akaunti leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye mnayemzungumzia. Naimba tena, kwaya kuu. Sina mtu, nimeamua kuishi hivyo, na hakuna anayenisifu kwa hilo kwa sababu hakuna anayejua. Nikimwambia mchungaji anaweza kunikumbatia au kuwaita polisi, na kifungu cha 154 cha sheria ya adhabu ya Tanzania, kinachofanya jambo hili kuwa kosa la jela, si mchezo. Huwa nasoma Matendo 8, yule towashi wa Kushi. Torati ilimfungia mlango wa kusanyiko, Filipo akashuka naye majini bila kuitisha kikao.

Neno Halibadiliki
Towashi alitubu, ndugu.

Sauti ya Tatu
Soma tena. Aliuliza nini kinamzuia asibatizwe.

Mwinjilisti wa Mtaa
Asanteni, wengine endeleeni kuleta. Mpwa wangu amepiga simu, Krismasi anakuja. Mke wangu kaniuliza alale chumba gani, maana wanangu wa kiume nao watakuwa likizo. Ni wiki sasa, bado sijamjibu.